Fundi wa Mizani, Kibirizi

Nimekaa Kibirizi miaka kumi na tisa
nanyoosha springi, nasugua kutu.
Kazi yangu ni ndogo: wawili wasioaminiana
wakubali mshale mmoja.

Mauwa Wilondja huja na mawese kutoka ng'ambo,
Ntahondi ana dagaa. Hutukanana,
huapizana kwa makaburi ya bibi zao,
mmoja hujifanya anaondoka, hatua saba, nane,
akiitwa anarudi. Saa nne wanakunywa chai.

Isipokuwa Jumanne ile.
Mizani ilikuwa mezani pangu, tumbo wazi,
nao hawakutaka kungoja.
Ntahondi akasema gunia lina hamsini na tano.
Mauwa akasema arobaini na tano halifiki.
Kila mmoja alikuwa na namba yake ya kweli
ameibana chini ya ulimi kama sarafu,
na alijua mwenzake kaibana ya kwake.
"Naapa!" Lakini kiapo sokoni ni bure,
mwongo huapa kwa sauti ile ile.
Basi likabaki la mikono.

Jino moja. Kanga moja, vipande viwili.
Gunia likapasuka, nusu ya dagaa ikaingia topeni,
ikapondwa na miguu ya waliokuja kuamua.
Adhuhuri, pumzi zimewaishia, wakakubaliana
gunia lilikuwa na arobaini na tisa.
Arobaini na tisa!
Ndiyo niliyowatajia asubuhi, kwa kukisia tu,
nikiwa na bisibisi mdomoni.

Usiku redio ikasema mazungumzo yamevunjika
katika hoteli fulani, mbali, yenye viyoyozi.
Skolastika akaacha kupeta mchele.
"Watu wazima, wenye digrii, hawajui
kwamba mwisho watarudi kwenye meza ile ile?"

Wanajua, mke wangu. Hilo ndilo linaloniumiza.
Wanajua, ila nani anapima?
Jeshi la mtu halipandi kwenye mizani.
Ukisema nina nguvu, na dhaifu husema hivyo.
Ukifunua yote uliyo nayo,
umemwonyesha adui pa kupiga.
Kwa hiyo hupima kwa vijana.
Huweka vijana upande huu, vijana upande ule,
wakakaa kando kutazama mshale.

Na hata mshale ukitulia, liko jambo.
Kwangu, kila Juni, huja bwana wa Vipimo na nyundo yake,
anagonga muhuri; ukichezea, faini.
Mauwa huuza leo akijua kesho yupo wa kumshtakia.
Nchi na nchi hazina bwana huyo.
Leo nikikuachia kilima,
mwakani una kilima na mizinga juu yake:
nani atakuzuia usidai na bonde?
Afadhali nikupige sasa, ungali mwembamba.
Hivyo ndivyo woga unavyovaa buti.

Na dalali, nisimsahau dalali.
Yeye hula fungu lake bei ikipanda, ikishuka;
jino lililong'oka si la kwake.

Alhamisi wakaniita kituo cha mapokezi.
Maboti yalikuwa yameshusha watu tangu alfajiri,
wenye magodoro, wenye sufuria, wenye mikono mitupu.
Mizani ya watoto imeharibika, walisema,
inasoma chini mno.

Nikaifungua. Springi safi.
Nikaning'iniza jiwe la kilo tano: tano.
Nikaning'iniza la kumi: kumi.
Muuguzi akamrudisha mtoto kwenye mkoba wa turubai.
Miaka miwili, mama yake alisema, na miezi.
Mshale ukatetemeka, ukatafuta, ukatulia.
Kilo sita na robo.

Muuguzi akanitazama, kalamu hewani.
Mama hakubishana.
"Mizani haina kosa," nikasema,
nikainama kutafuta skrubu
ambayo haikuwa imeanguka.